Kitamu Kilicholala

Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka sita, alichota kijiko kimoja kutoka katika bakuli lake, akakiinua hadi usawa wa macho, akakitazama kwa utulivu ule ambao watoto huwa nao wanapotafuta neno sahihi, kisha akanigeukia na kusema: "Shangazi, biskuti imelala."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa akinipa habari.

Bakuli kubwa la kioo lililokuwa katikati ya meza nilikuwa nimelitayarisha siku mbili kabla ya sikukuu, usiku, baada ya kazi, nikiwa na furaha ya mtu anayejua kwamba siku yenyewe itakapofika hatakuwa amefungiwa jikoni. Chini nilipanga biskuti, juu yake nikamwaga kastadi, ikafuata jeli yenye vipande vya nanasi nililolimenya palepale, halafu ndizi, na juu kabisa krimu iliyopigwa. Nilipoliingiza katika friji, kila tabaka lilionekana peke yake kupitia kioo. Nilipolitoa, matabaka yalikuwa yameingiliana. Jeli haikuwa imeganda. Kastadi ilikuwa imelegea mpaka inamwagika, ndizi zilikuwa za kahawia, na krimu ilikuwa imeachia maji yaliyojikusanya pembeni.

Watoto walikuwa wanane. Mabakuli saba yalirudi karibu kama yalivyokwenda.

Nusu saa baadaye niliwakuta jikoni wamelizunguka kopo la biskuti zilizobaki, zile zile nilizozipanga chini ya bakuli, wakizila kavu, na hakuna aliyekuwa akizungumza.

## Imekolea, imelala

Jambo lililonisumbua kwa wiki kadhaa halikuwa kwamba kitindamlo kilishindikana, kwa maana watu wazima hawakuona kuwa kimeshindikana. Wawili kati yao waliongeza. Mmoja aliniambia kwamba anapenda namna ladha zilivyoingiana, kwamba biskuti zimenyonya kastadi vizuri, na kwamba kitu cha aina hii hakifai kuliwa siku hiyo hiyo. Aliyekula bakuli lile alisema limekolea, na mtoto aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake akasema limelala, na wote wawili walikuwa wakizungumzia usiku ule ule katika friji ile ile.

Mwanzoni niliwalaumu watoto, nikasema ni wachaguzi. Ni kweli kwamba woga wa chakula kigeni huwa mkali zaidi kati ya umri wa miaka 2 na 6, na kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kimoja mara nyingi kabla ya kukikubali. Lakini katika bakuli lile hapakuwa na kigeni chochote. Biskuti walizijua, ndizi walizijua, na kastadi wanaila kila wanapoipata. Tena kopo la biskuti lilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipolazimika kukubali kwamba watoto hawakukataa vitu. Walikataa hali ya vitu.

Mtu mzima hula ladha kwanza. Mtoto, kwa jinsi nilivyokuja kuwatazama tangu siku ile, hula kwa meno na ulimi kabla ya kula kwa ladha: anataka kikavu kivunjike kwa mlio, kilaini kiteleze bila punje, na cha baridi kiwe cha baridi hasa. Akikuta kikavu kimelainika au kilaini kimekuwa na mabonge, anahisi kwamba amedanganywa. Na kazi kubwa ambayo usiku mmoja katika friji hufanya ni kuondoa tofauti hizo moja baada ya nyingine.

Basi ule ushauri tunaopeana kila msimu wa sikukuu, kwamba tayarisha mapema upumzike siku yenyewe, nilianza kuuona kwamba una shimo katikati. Kipi kinaweza kulala, na kipi hakiwezi?

## Maji yanahama

Nilianza na biskuti, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa.

Biskuti kavu huwa na maji chini ya asilimia 5, ilhali kastadi kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiviweka pamoja, unyevu utatoka palipo na mengi kwenda palipo na machache, na hautasimama mpaka pande zote mbili zikaribiane. Friji haizuii safari hiyo. Inaipunguzia mwendo tu. Kwa hiyo biskuti iliyolala ndani ya kastadi haijaharibika kwa bahati mbaya, bali imefanya kile ambacho biskuti yoyote ingefanya, na mpishi anayetaka kikavu kibaki kikavu ana njia mbili tu: kutenga, au kuweka ukuta.

Ukuta huo ni mafuta. Jumapili moja nilichukua vikombe viwili vya kastadi baridi. Katika kimoja nilichomeka biskuti kama ilivyo. Katika cha pili nilichomeka biskuti niliyoipaka chokoleti iliyoyeyushwa pande zote, hata kwenye kingo, nikaiacha igande kwanza mpaka chokoleti iwe ngumu. Asubuhi niliichomoa ile ya kwanza na ikakatika nusu bila sauti yoyote, nusu ya chini ikabaki ndani kama uji. Ile ya pili ilitoka nzima. Niliivunja karibu na sikio na ikalia. Mahali pamoja tu, pembeni, ambapo brashi yangu ilikuwa imeruka upana wa punje ya mchele, palikuwa na doa laini, na doa hilo lilikuwa limeanza kutambaa kuelekea ndani.

Doa lile lilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Ukuta wenye tundu si ukuta, na nilielewa kwamba siwezi kuipaka chokoleti kila biskuti ya watoto wanane kwa usahihi wa namna ile usiku wa kuamkia sikukuu. Kwa wachache, inawezekana. Kwa wengi, ni afadhali kutenga: kastadi katika vikombe vyenye vifuniko, biskuti katika kopo lisilopitisha hewa, na vikutane mezani.

Kanuni hiyo hiyo inaihusu meringi, yaani ute wa mayai uliopigwa na sukari kisha ukakaushwa katika oveni kwa moto mdogo. Ikifungiwa mahali pakavu hukaa hata wiki nzima bila kubadilika, na watoto huipenda kwa sababu inavunjika na kuyeyuka kwa wakati mmoja. Ikiguswa na krimu saa nyingi kabla ya kuliwa, au ikiachwa wazi siku yenye unyevu hewani, hugeuka kuwa ya kunata. Ndiyo sababu siihifadhi kamwe kwenye friji.

## Nanasi lililokula jeli

Kuhusu jeli, nilidhani nimekosea kipimo. Haikuwa hivyo.

Jelatini, ambayo ndiyo inayoigandisha jeli, ni protini, hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huganda kwa kutengeneza wavu mwembamba unaoshika maji. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho kazi yake ni kukata protini. Papai lina kinachofanana nacho, na kiwi vilevile. Kwa hiyo wakati mimi nimelala nikiamini kwamba wavu unafumwa ndani ya friji, nanasi lilikuwa likiukata kila ulipojaribu kufumwa, na lingeendelea kuukata hata kama ningengoja siku tatu.

Dawa yake ni moto. Kimeng'enya hicho huharibika kikipata joto, ndiyo maana nanasi la kopo, ambalo limekwisha kupashwa kiwandani, halina matatizo. Nanasi la kumenya nyumbani linafaa likichemshwa dakika chache pamoja na maji yake, kisha likaachwa lipoe kabla ya kutiwa. Nimejaribu mara mbili tangu wakati ule na mara zote mbili jeli ilishika.

Wengine hutumia agari, inayotokana na mwani wa baharini, na hiyo haisumbuliwi na nanasi kwa sababu si protini. Inafaa pia kwa familia zisizotumia jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe. Lakini agari ina tabia yake. Lazima ichemke ndipo ifanye kazi, huganda hata nje ya friji, na haiyeyuki tena mpaka ipate joto la takriban nyuzi 85, maana yake mdomoni haiyeyuki kabisa. Mtoto anapaswa kuitafuna. Jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili, na hapo ndipo ule utamu wa jeli unaoteleza unapotoka. Nimewaonjesha watoto zote mbili. Walizila zote, lakini ile ya jelatini walikuwa wakiishikilia ulimini na kufumba macho, na siwezi kujifanya kwamba sikuiona tofauti hiyo.

Jeli, ikipikwa ipasavyo, ni miongoni mwa vitu vinavyolala vizuri kuliko vyote. Inahitaji saa nne hivi kuganda, na siku mbili katika kikombe chenye kifuniko hazitaidhuru.

## Kastadi na woga wangu

Hii ndiyo iliyoniuma, kwa kuwa kosa lilitokana na uangalifu.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba kastadi yenye mayai haichemshwi, kwani mayai yatajikunja yawe mabonge. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiiondoa motoni mara tu inapoanza kuwa nzito, na kwa kuwa tulikuwa tukiila jioni ile ile, sikuwahi kujua kwamba kuna tatizo. Tatizo hujitokeza asubuhi. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kisipouawa kwa moto wa kutosha huendelea kuula wanga taratibu usiku kucha, mpaka kastadi iliyokuwa imesimama juu ya kijiko inarudi kuwa majimaji.

Ushauri wa kutochemsha ni sahihi kwa kastadi ya mayai, maziwa na sukari pekee. Ile iliyotiwa wanga wa mahindi ni kitu kingine, kwani wanga hulinda mayai yasigande kwa mabonge, na inapasa kuchemka.

Nilipika sufuria mbili kwa kipimo kimoja: nusu lita ya maziwa, viini vitatu, vijiko vikubwa vitatu vya sukari na vijiko vikubwa vitatu vya wanga wa mahindi. Ya kwanza niliiondoa ilipokuwa nzito. Ya pili niliiacha motoni huku nikikoroga bila kupumzika, mpaka mapovu mazito yakaanza kupanda kutoka chini na kupasuka juu kwa sauti nzito, na nikahesabu dakika moja na nusu nikiwa na hofu kwamba naiharibu. Haikujikunja. Nilizimimina zote kwenye vikombe, nikafunika kwa plastiki iliyogusa uso wa kastadi yenyewe ili isitengeneze ngozi, maana ngozi ni jambo lingine ambalo watoto wengi hawalisamehi.

Asubuhi nilichomeka kijiko katikati ya kila kikombe. Katika cha kwanza kijiko kiliinama polepole mpaka kikaegemea ukingo. Katika cha pili kilisimama.

Nilikaa nikikitazama kile kijiko kilichosimama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kijiko. Nilikuwa nikifikiria idadi ya sikukuu ambazo nimepika kwa kuogopa.

## Vinavyolala vizuri

Baada ya biskuti, jeli na kastadi, mengine yalikwenda haraka.

Aiskrimu ya kupigwa kwa mkono ndiyo kitindamlo ninachokiamini kuliko vyote kwa watoto wengi, kwa sababu inatakiwa kulala. Bila kulala haipo. Piga krimu yenye mafuta mengi, mililita 500 hadi 600 na iwe baridi sana, mpaka isimame, kisha uchanganye taratibu na kopo moja la maziwa mazito yenye sukari (condensed milk), la takriban gramu 400, na vanila kidogo, bila kuitoa hewa uliyoiingiza. Hewa hiyo na sukari iliyo ndani ya maziwa yale, ambayo ni zaidi ya asilimia 40, ndizo zinazoizuia isigande kama jiwe. Usishangae ukionja kabla ya kugandisha ukaiona tamu kupita kiasi, kwa kuwa baridi hupunguza utamu ulimini. Watu huonja wakaogopa, wakapunguza maziwa, wakaishia na barafu. Iache kwenye friza usiku kucha na uitoe dakika kumi kabla ya kuigawa.

Keki inalala, lakini si mahali ambapo wengi tunaiweka. Wanga uliomo ndani ya keki hukakamaa haraka zaidi katika baridi ya friji kuliko juu ya meza, na keki ya siagi hutoka huko ikiwa ngumu hata kama haijapoteza tone la maji. Keki tupu ya kuliwa baada ya siku moja hukaa vyema ikiwa imefungwa nje ya friji. Ya kuliwa baada ya wiki ifungwe mara mbili iwekwe kwenye friza, na siku ya kuitoa iachwe iyeyuke ikiwa bado imefungwa, ili umande ukusanyike juu ya plastiki badala ya juu ya keki. Keki ya mafuta ya maji huvumilia friji kuliko ya siagi, na nikijua kwamba nitaipaka krimu inayohitaji baridi, ndiyo ninayooka.

Biskuti za kukata kwa maumbo nazipenda zilale zikiwa bado donge. Donge likikaa kwenye friji usiku mmoja linakatika vizuri zaidi, na kwenye friza linakaa wiki nyingi. Asubuhi ya sikukuu oveni huwashwa dakika chache na nyumba inajaa harufu, na harufu hiyo ni sehemu ya kitindamlo ambayo hakuna friji inayoweza kuihifadhi.

Ndizi hazilali. Tone la limau huchelewesha ile kahawia kwa saa chache tu. Krimu iliyopigwa hailali vyema pia. Ikibidi, ipigwe pamoja na kijiko cha sukari ya unga, ambayo mara nyingi huwa imechanganywa na wanga kidogo unaosaidia kushika maji.

## Sehemu ambayo sikubali kuipunguza

Kitindamlo kinachokaa siku mbili kabla ya kuliwa na watoto kinadai uangalifu ambao kile cha papo hapo hakiudai.

Yapo mapishi mengi ya krimu za chokoleti yanayotumia mayai mabichi na kusifiwa kwamba hukaa vizuri. Siwapi watoto. Bakteria wa salmonela hawaonekani wala hawanuki, na mtoto mdogo ndiye anayeumizwa nao zaidi. Kastadi iliyochemka haina hofu hiyo, mradi ipozwe kwa haraka katika vikombe vifupi badala ya kuachwa katika sufuria kubwa, ikae chini ya nyuzi 5, na isizidi saa mbili nje ya friji siku ya kuliwa. Kukiwa na joto kali linalopita nyuzi 32, saa moja. Hili linabadilisha hata namna ya kupakua. Bakuli kubwa hukaa mezani alasiri nzima likipigwa na joto. Vikombe hutolewa kimoja kimoja.

Asali sitii katika chochote kitakachofika mbele ya mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Zabibu mbichi nazikata kwa urefu, vipande vinne, kwa walio chini ya miaka mitano, na karanga na lozi kwa hao nazisaga, kwa sababu nzima zinaweza kuwapalia. Mapishi ya wakubwa yenye kahawa au pombe nayaacha kwa wakubwa, kwani pombe haiishi yote motoni kama inavyosemwa, na katika kitu kisichopikwa inabaki yote.

## Vikombe badala ya bakuli

Kulikuwa na kipindi cha siku kadhaa nilipofikiri kwamba nimejiondolea maana nzima ya kutayarisha mapema. Ikiwa kila kitu kinatengwa, na vinakutana mezani, je, sijarudisha kazi pale pale nilipoikimbia? Nilichukua karatasi nikaandika kila kazi na muda wake. Kastadi, jeli, aiskrimu, meringi na donge la biskuti vilichukua jioni mbili, na zote zilikuwa kabla ya sikukuu. Kilichobaki kwa siku yenyewe, ukiacha oveni inayojiokea yenyewe, kilikuwa kukata ndizi, kupiga krimu na kuchomeka biskuti.

Dakika kumi na mbili.

Lililonikaa moyoni zaidi ni kuliacha bakuli la kioo. Nalipenda. Linapendeza katikati ya meza, na matabaka yake humfanya kila anayeingia aseme neno. Lakini nilipojiuliza kwa uaminifu ni nani aliyekuwa akilisifu miaka yote, sikumkumbuka mtoto hata mmoja. Nilikuwa nikilipanga kwa ajili ya macho ya wakubwa na kuliita la watoto.

Wiki iliyopita kaka yangu aliwaleta wanawe. Ijumaa nilikuwa nimepika kastadi kwa kipimo kile kile, nikaimimina katika vikombe vidogo, na nanasi nililolichemsha nikaligandisha katika jeli kwenye vikombe vingine, peke yake. Biskuti zilikuwa koponi. Nilizipanga kwenye sahani mbele yao, nikawaacha wafanye watakavyo.

Yule wa miaka sita alichukua biskuti, akaichovya nusu ndani ya kastadi, akaila kabla haijapata muda wa kulainika, akachukua ya pili. Alifanya hivyo mara nne kwa haraka, kama anayeshindana na kastadi. Mdogo wake, wa miaka mitatu, alisaga biskuti yake kwa mkono mpaka ikawa vumbi, akainyunyizia jeli, kisha akala jeli tu kutoka chini, akiliacha vumbi juu. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

"Shangazi," alisema mkubwa, mdomo ukiwa bado umejaa, "hii umeipika leo?"

Nilimwambia kwamba nimeipika juzi. Alikitazama kikombe, akakitikisa kidogo kuona kama kastadi itacheza, kisha akauliza kama kuna kingine.